Salamu Niliyoichezea

Bupe mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Mwanjelwa kusukwa, na ninavyowajua mkikalia kile kiti hamwinuki kabla ya jua kuzama, kwa hiyo nimejifungia hapa sebuleni na karatasi. Ndiyo, karatasi. Mtu aliyekula ugali wa kompyuta miaka yote hii leo anaandika kwa kalamu, na mwandiko wenyewe kama kuku kakanyaga tope. Nilijaribu kwenye simu mara tatu. Kila nikifika panapouma, kidole kinafuta.

Wazee walisema waraka ni nusu ya kuonana. Mimi nitasema kweli: naandika ili nisikuone. Nikikutazama usoni nitaanza utani, nitakuuliza kama umeweka soksi, na kesho saa kumi na mbili utapanda basi bila kujua ninachotaka kukwambia. Mambo ya soksi na sufuria mama yako ameshayasema, pamoja na yale ya wanaume ambayo nilijifanya sisikii. Mimi nina jambo moja tu, na linanitia aibu mpaka masikio yanawaka.

Linamhusu bibi yako wa Kalenga.

Najua umeshakunja uso. Siku tuliyokwenda kukata tiketi ya Dar nilikwambia basi litapita Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, na kutoka pale hadi kwa bibi ni mwendo wa bodaboda. Ungelala siku moja, ukamuaga, ukaendelea na safari ya chuo. Ukanijibu bila kunyanyua macho kwenye simu: "Baba, mimi Ipogolo hata kuchimba dawa sishuki." Yule dada wa tiketi akacheka. Nikacheka naye, mjinga mimi. Halafu njiani ukasema, taratibu, kama mtu anayesema jina la mtaa wake: "Bibi hanipendi kwa sababu mama ni Mnyakyusa. Kila mtu anajua."

Nikanyamaza. Miaka saba, kila ukisema hivyo, nanyamaza. Bupe, si kweli. Bibi yako hana neno na Unyakyusa wa mama yako wala wa mtu yeyote. Kilichowagombanisha nilikifanya mimi, humu humu ndani ya nyumba hii ya Uyole, kwa vidole hivi, na nikapigiwa makofi. Ndiyo maana naandika leo. Ukishapita Ipogolo ukiwa na ule uongo kifuani, sijui lini tena utapita.

Wewe hupenda kuwaambia watu kwamba baba yako alikuwa anatengeneza gemu. Shuleni walidhani nachora wale watu wanaokimbia na kurusha moto. Sikuchora hata unyoya. Gemu la mtandaoni lina mbele na nyuma, kama harusi: mbele kuna maua na watu wamevaa, nyuma kuna masufuria meusi na watu wanatoka jasho. Mimi nilikuwa wa masufuria. Lile gemu la shamba unalikumbuka. Mtu anapewa kiwanja kwenye simu, anapanda mahindi, anafuga ng'ombe, anatembelewa na majirani ambao ni watu kweli, mmoja yuko Njombe, mwingine Morogoro. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha jirani wa Njombe akimwagilia mahindi ya jirani wa Morogoro, maji yanafika. Wenye kampuni walikuwa Dar, mabosi wa mabosi walikuwa nje huko, na mimi nilikuwa hapa na koti na blanketi miguuni, nalinda seva.

Siku seva ikifa, watu wasiokujua jina wanakutukana mpaka ukoo. Siku inapokwenda vizuri, hakuna anayejua kama upo. Usije ukadhani nalalamika. Nilipenda hivyo. Mtu asiyeonekana haulizwi maswali, na mimi tangu utoto ni mtu wa kukimbia maswali.

Sasa, tatizo la gemu kama lile ni kwamba watu wana maisha. Wanacheza wiki mbili, halafu mtoto anaumwa, au mvua ya kulima inaanza, wanaliacha. Mabosi walikuwa hawapati usingizi kwa ajili ya hao walioacha. Ikaamriwa kwamba kila aliyekaa kimya apelekewe mwito: simu yake inalia, sauti inamwita, akigusa kioo anajikuta shambani. Walileta sauti ya dada mmoja wa Dar, Kiswahili chake laini kama andazi la moto. Huku kwetu nyanda za juu hakuna aliyeshtuka. Wakatuuliza sisi wa nyuma nani ana wazo.

Mimi nilikuwa nalo. Ole wangu.

Nilipokuwa na miaka kama minane, pale Kalenga, nilipita nakimbiza mpira wa matambara, na mzee mmoja aliyekaa mlangoni kwake akaniambia, "Kamwene," salamu yetu ya Kihehe. Sikuitikia. Mpira ulikuwa unaelekea mtoni. Habari ikafika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Akaweka ungo chini, akanishika mkono. Hakunichapa wala hakufoka. Turudi, turudi, njia yote ile, mpaka kwa yule mzee. "Itikia," akaniambia. Mzee mwenyewe alishasahau! Nikasema Kamwene, naye akaniuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mama yangu ambaye alikuwa amesimama pale pale, na mimi nikajibu moja moja na kamasi zikinitoka. Tulipokuwa tunarudi mama akasema, "Mtu akikusalimia usipomwitikia, umemwacha nje na mvua inanyesha."

Sasa ona nilivyolitumia fundisho hilo. Niliwaandikia mabosi: mtu wa Iringa hawezi kusikia Kamwene akanyamaza. Hata awe na haraka gani, hata awe na hasira gani. Na ikiwa ni Kamwene ya mtoto, ndiyo kabisa. Wekeni hiyo, muone. Jambo ambalo mama yangu alinifundisha ili niwe mtu, nililigeuza ndoana.

Ulikuwa na miaka kumi. Sauti yako ya kwanza tuliirekodi chini ya blanketi ili mwangwi usiingie, ukacheka mpaka ukapaliwa. "Kamwene! Njoo tucheze!" Ya pili ilikuwa ya mtu aliyekaa kimya siku mbili: "Kamwene! Mbona kimya?" Hizo unazijua, na ulijivuna nazo kweli. Simu ya mtu ikilia dukani unamvuta mama yako kitenge: "Mama, mimi huyo!"

Ya tatu hukuambiwa. Kwa mtu aliyekaa kimya siku tatu walitaka sauti ya huzuni. Tulijaribu, ukashindwa kuhuzunika, kila ukianza unaangua kicheko. Mwezi ule mama yako alikuwa Tukuyu akimuuguza mama yake. Jioni moja simu yake haikupatikana, nawe ukakaa kwenye ngazi ya jikoni ukaanza kulia, kile kilio cha chini chini cha mtoto asiyetaka asikike. Nikaja. Ukaninyooshea mikono, Bupe. Ulikuwa umeshaacha hayo mambo ya kunyoosha mikono, ulishajiita mkubwa, lakini siku ile uliinyoosha. Na mimi nikatoa simu mfukoni. Nikakwambia, "Subiri mama, usinyamaze kwanza. Sema Kamwene." Ukanitazama. Ukasema. "Sema, mbona huji, niko peke yangu." Ukasema. Nikasikiliza kama imeingia vizuri, na nilipoona imeingia vizuri ndipo nikakubeba.

Miaka tisa sasa. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilisema "usinyamaze kwanza."

Na kuna siku ulitoka dukani umenywea. Ukaniuliza, "Baba, kuna mtoto analia kwenye simu ya yule mama wa vitunguu. Ni mimi?" Nikakujibu, "Watoto wote wanalia sawa." Nadhani uliamini. Naomba Mungu uwe uliamini, halafu naona aibu kwa kuomba hivyo.

Krismasi iliyotangulia rekodi hizo nilikuwa nimempelekea bibi yako simu ya kupapasa. Nilimwambia ni ya kutuona sisi kwa video, na ilikuwa kweli, ila nilitia na lile gemu humo, maana kazini tuliambiwa kila mtu aingize ndugu zake. Sikumweleza. Nilijua hatalifungua, na macho yake tangu zamani yanaona kioo cha simu kama ukungu. Sikufikiri hata dakika moja. Zilipoingizwa zile sauti zako, zikaanza kwenda kwa watu wote wa huku, na yeye akiwemo.

Bibi hakujua gemu ni mdudu gani. Alichojua ni kwamba simu inalia, na ndani yake mjukuu wake anasema Kamwene. Sasa wewe ulitaka afanye nini? Akaitikia. Yuko shambani, anaweka jembe chini, anafuta mkono kwenye kitenge, anagusa kioo kama nilivyomfundisha kupokea, anasema, "Kamwene, mwanangu. Hamjambo huko Mbeya? Mama yako hajambo? Baridi inasemaje?" Halafu anangoja. Kimya. Anauliza tena. Kimya.

Na hapa pana kosa langu la kazi, nikueleze maana utayasoma haya chuoni. Nilipaswa kuiambia programu ijue nani amekaa kimya. Nikaandika hivi: asiyepanda kitu ni mtu aliyenyamaza. Sikuandika: asiyefungua. Bibi alikuwa anafungua kila mwito, ila hapandi kitu, atapandaje? Kwa hiyo programu yangu ikamwona ni bubu. Ikampa sauti ya kwanza, ikampa ya pili, ikafika ya tatu na kubaki hapo hapo. Kila siku, Bupe. Kila siku ulikuwa unamlilia kwamba uko peke yako, naye akikuitikia unanyamaza.

Siku moja shangazi yako Eliza, anayekaa naye, akanipigia. "Kaka, huyo Bupe ana nini? Anampigia mama analia, halafu hasemi kitu. Mama hali vizuri. Jana kamwimbia wimbo wa kanisani kwenye simu mpaka uji ukaungua." Nilielewa kabla hajamaliza. Nikasema, "Mtandao huo, Eliza. Huko kwenu mtandao mbovu."

Nilifungua kompyuta nikamtafuta kule nyuma. Kule nyuma bibi yako hakuwa na jina, alikuwa namba ndefu. Nikaona kila mwito umefunguliwa: alfajiri, mchana, wakati wa kupika, wakati wa ibada. Hakukosa hata mmoja. Na kiwanja chake kilikuwa kitupu, vile vile kama tulivyompa, hakuna hata punje. Nilikikodolea macho kile kiwanja mpaka chai ikapoa.

Ungetegemea baba yako aliinuka akapanda gari la Iringa. La. Jumatatu tulikuwa na kikao cha mtandaoni, na bosi akauliza kama ile sauti ya tatu inafanya kazi. Nikawaonyesha ile namba ndefu. Nikasema, "Huyu yuko Iringa. Hajawahi kukosa mwito hata mmoja." Wakapiga makofi, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Nilimsimamisha mama yangu mbele ya wageni, wakashangilia anavyoteseka, na mimi nikasema asanteni sana.

Kikao kilipoisha nikaandika mstari mmoja: namba hii isiitwe tena. Nikajiona nimemaliza, nikaenda kukuletea miwa. Na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Maana kwa bibi, mjukuu aliyekuwa anamlilia kila siku aliacha ghafla, bila hata kwaheri. Eliza aliniambia baadaye kwamba mama alikaa na ile simu mapajani siku nyingi, kisha akaiweka kabatini, akasema, "Nimemwitikia mpaka nimechoka. Kumbe alikuwa ananicheza shere."

Ile Krismasi yako ya mwisho Kalenga ulikuwa na miaka kumi na miwili. Unaikumbuka kuliko mimi, lakini acha niiandike nami ili ujue niliiona. Tulifika Kalenga jioni, nyumba imejaa ndugu. Ukakimbia ukapiga magoti mbele ya bibi. "Kamwene, bibi." Nyumba nzima ilisikia. Bibi akakutazama, akaendelea kuchambua maharage. Ukarudia. Akasema kwa Kiswahili, ili na mama yako aelewe: "Wewe ukishasalimia, jibu hulitaki. Ya nini nijisumbue?" Mama yako alikuwa mlangoni, begi bado liko mkononi. Mtu mmoja, simtaji, akanong'ona mambo ya Wanyakyusa na malezi yao. Mkalisikia hilo, nyinyi wawili, mkaondoka nalo.

Mwanamke aliyenirudisha njia nzima nikaitikie salamu, alimnyima mtoto salamu mbele za watu. Hebu fikiri alikuwa ameumia kiasi gani mpaka afike hapo.

Na mimi nilikuwa nyuma yenu na gunia la mchele wa Ubaruku begani. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Sentensi tatu zingetosha. Nikasema, "Jamani, watoto wamechoka na safari."

Ukalia jikoni, na safari hii sikuwa na simu mkononi, lakini pia sikuja. Niliogopa utaniuliza. Ukaapa hurudi tena Kalenga, ukatimiza. Mama yako naye akaweka moyoni, ingawa kila mwaka amekuwa akimtumia mkwewe vitenge. Nikawaacha muamini kwamba mama yangu ni mkabila. Niliona afadhali yeye awe mbaya kuliko mimi nijulikane. Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma mara mbili, na ni ya kweli.

Mwaka wa kwanza zingenitosha zile sentensi tatu. Mwaka wa pili ingebidi nieleze na kwa nini nilichelewa. Leo tazama, ni kurasa. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi nimeuficha mpaka nimekaribia kukosa mama na mtoto kwa pamoja.

Lile gemu lilifungwa, nikaingia kwenye hizi programu za mashine za mpunga, nikadhani yamepita. Halafu ukachaguliwa chuo, na kati ya mambo yote duniani ukachagua kompyuta. "Nataka niwe kama wewe, baba." Nilitoka nje nikajifanya naangalia bomba. Ulidhani nimefurahi mpaka nikashindwa kusema.

Nenda, mama. Sikukatazi. Ni kazi nzuri na kichwa unacho, umenizidi mara mbili. Lakini utakaa nyuma kama nilivyokaa, na watu watakuwa namba mbele yako, na siku moja kutakuwa na namba moja inafanya jambo usilolielewa: haipandi kitu, ila kila ukiita inakuja mbio. Wenzako watasema huyo ni mchezaji mzuri. Wewe uliza ni nani, na anatafuta nini humo. Mimi niliuliza, nikajua, na bado nikanyamaza, kwa hiyo siwezi kukudanganya kwamba ukishajua itakuwa rahisi.

Juzi nilimwambia mama yako. Alikuwa anamenya ndizi. "Ee Kyala!" akasema, na kisu kikabaki kwenye ndizi. "Miaka saba namwombea mama mkwe aache ukabila, kumbe ugonjwa nalala nao kitanda kimoja!" Nikamwomba akwambie yeye, maana nyinyi mnaelewana. "Thubutu! Utasema mwenyewe. Kwa mdomo au kwa mkono, shauri yako, lakini mwanangu hapandi basi hajui." Tangu juzi ananipakulia chakula bila kuniangalia. Ndiyo maana nyumba imekuwa kimya, ulikuwa unauliza.

Na Jumamosi, niliposema nakwenda Ubaruku kwenye mashine ya mpunga, nilikudanganya. Nilikwenda Kalenga.

Nilimkuta jikoni. Amepungua, Bupe, lile gauni la bluu sasa linamvaa yeye. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikamweleza yote kwa Kihehe, na ujue Kihehe hakina neno la seva wala la programu, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kujificha. Nilibaki na maneno ya kawaida tu: nilimrekodi mtoto, nikaweka sauti yake kwenye simu za watu, ikakudanganya wewe mama, nikajua, nikanyamaza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo yule niliyekuwa namwitikia alikuwa nani?"

"Hakuwa mtu, mama. Ilikuwa sauti tu, imehifadhiwa."

"Sauti ya nani?"

"Ya Bupe."

"Basi alikuwa Bupe," akasema.

Nikaanza kumfafanulia. Akanyanyua mkono. "Unayo?"

Ninayo. Gemu lilishakufa lakini ile sauti sikuwahi kuifuta, sijui kwa nini. Nikatoa simu, nikaibonyeza pale mbele ya moto. Ukasema Kamwene, ukasema mbona huji, niko peke yangu. Nikaona midomo ya bibi inacheza, inaitikia, hata baada ya kuambiwa. Kisha akaniangalia.

"Huyu mtoto analia kweli."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa na nani?"

"Na mimi."

"Ulikuwepo," akasema. Akageukia moto. Nimeshawahi kuchapwa na yule mwanamke, nimeshawahi kufukuzwa na panga la kukatia kuni, lakini sijawahi kumwogopa kama nilivyomwogopa pale. Hakunilaani. Alisukuma kuni ndani, akanipakulia ugali, nikala kila tonge kwa shida.

Wakati wa kuaga nikamwuliza kama nikuletee salamu zake. "Salamu zangu usizibebe wewe," akasema. "Wewe salamu zinakuharibikia mikononi." Ana haki. Sina la kujitetea kwake, wala kwako. Nilikutumia ukiwa unalia, nikakuongopea, nikakuacha ukue ukidhani hupendwi mahali ambapo ulipendwa kuliko kwangu. Naomba unisamehe, na usipoweza kesho usijilazimishe ili safari iwe nzuri. Wala sikuombi ushuke Ipogolo, sina uso wa kukuomba hivyo. Nilichotaka ni kwamba ukikaa dirishani ukaamua kushuka au kupita, uamue kwa jambo lililotokea kweli.

Nilikuwa nimeshafika barabarani bibi aliponiita. Nikarudi mbio. Amesimama mlangoni, ameshika mwimo. Akasema kuna neno moja ataniachia nibebe, kwa sababu hajui kama utakuja, na yeye umri umekwenda. Akanifanya nilirudie mara mbili ili nisilipotoshe, kama mtoto anayetumwa dukani. Ni hili:

"Mwambie wakati ule alipokuwa analia, alikuwa na mtu. Mimi nilikuwa namwitikia."

Baba yako.